Machozi Yaliyotaka Kuvunja Posa

Mambo mengine mtu huenda nayo kaburini, lakini haya yangu yalishuhudiwa na wanawake kumi na wanane sebuleni kwa kaka yangu, kwa hivyo siri haipo tena, na bora muyasikie kwangu kabla hamjayasikia kwa jirani aliyeyatia chumvi.

Kazi yangu ni kupinda leso kwa cherehani katika duka moja la Biashara Street, na feni iko juu ya kichwa changu asubuhi mpaka jioni. Mwaka jana macho yakaanza kuwasha kama yametiwa mchanga, kisha yakawa yanatoa maji ovyo, hata wateja wakaniuliza nimefiwa na nani. Nikaenda kwa daktari wa macho, kijana mpole wa bara, akanipima, akaniambia macho yangu yamekauka. Nilimcheka (yanichuruzike hivi, halafu uniambie yamekauka?), naye akanieleza taratibu kwamba nikishona sipepesi macho vya kutosha, jicho linakauka, linaungua, ndipo linapomwaga maji mengi kujiokoa, lakini maji hayo hayalainishi kitu. Akanipa dawa ya matone, mara nne kwa siku, akaniambia niweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope asubuhi na jioni, nihamishe kiti kisipigwe na feni, nijiepushe na moshi, na wanja niuache kwanza. Nikafuata yote (wanja uliniuma roho), na baada ya wiki chache nikajiona mzima, na mtu akishajiona mzima hujifanya daktari.

Sasa, Salma ni mtoto wa kaka yangu, mamake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, nikamlea mimi nyumbani kwangu. Alipoposwa na Athmani, fundi wa umeme bandarini, sote tuliridhika, na siku ambayo wanawake wa upande wa kijana walikuja kuchukua jibu, mimi shangazi ndiye niliyewekwa niseme. Mama Athmani ni mtu wa Tononoka, asili yao Kwale, na tulikuwa tumesikia kwamba ana wasiwasi sisi wa Mji wa Kale tutamdharau. Nikausiwa nimpokee kwa uso mkunjufu.

Basi mimi nikaona uso hauwi mkunjufu bila wanja. Nikautia, tena mwingi, na dawa sikuitia tangu asubuhi nikihofia itaukosha, kisha nikaenda kukaa pale pa heshima, chetezo cha udi kikiwa kuliani kwangu na feni nyuma yake ikinipulizia moshi wote usoni.

Mama Athmani akaleta maneno yake kwa adabu, ikabaki mimi kujibu. Nikaanza kusema, "Sisi tume...", nikakatiza nifute chozi, nikaanza tena, likaja jingine, na kadiri nilivyofuta ndivyo wanja ulivyosambaa. Jirani yetu mmoja akanionea huruma, naye akaanza kulia, akafuatwa na wengine wawili wasiojua wanalia nini, ikawa kama tuko matangani.

Mama Athmani akaweka kikombe chini. "Bi Zuhura, mbona walia? Kama mtoto wenu hamutaki kutupa, semani, tuondoke na heshima zetu."

"Silii, dadangu," nikamwambia, huku kidevu kinadondosha maji meusi. "Macho yangu yamekauka."

Mmoja wa wageni akacheka puani. Mama Athmani akasimama akachukua buibui lake, na wenziwe wakasimama, na nyuma ya pazia nikamsikia Salma akilia kilio cha kweli. Hapo niliogopa, nawaambia haki ya Mungu niliogopa, mtoto niliyemlea anamkosa mume kwa sababu ya wanja wangu. Nikaitoa dawa mkobani, nikainua kichwa katikati ya sebule, nikatia matone mbele ya wote huku nikieleza cherehani, feni, daktari, kope, kitambaa cha uvuguvugu, sikubakisha kitu, na maji meusi yakinishuka shingoni mpaka kwenye gauni jeupe.

Mama Athmani akaliweka buibui lake chini. Kisha akakibeba chetezo akakitoa nje mwenyewe, akarudi akaketi karibu yangu. "Mimi nachoma mahamri kwa makaa kila alfajiri," akasema chini chini, "macho yangu ndiyo hivyo hivyo, nami nilidhani ni kijicho cha watu. Huyo daktari yuko wapi?"

Nikamwelekeza, halafu nikapata nafasi ya kusema tumekubali.

Lakini sikusalimika. Siku ya harusi, Salma alipotolewa nyumbani kwangu, nililia kweli, kilio cha kifuani, nikikumbuka alivyokuwa akilala ameshika ncha ya leso yangu. Sikupata hata mmoja wa kunikumbatia. Kila aliyepita alinigusa bega akaniambia, "Bi Zuhura, tia dawa," akaendelea na vigelegele vyake.

Wanja nimeugawa wote, na matone nayatia kwa saa zake hata niwe kwenye sherehe gani, maana nimejua kwamba mwenye kumwaga machozi ya bure mbele za watu, siku ya machozi ya haki hujifuta mwenyewe.