Kikapu cha Maranda

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Kasuku, na wala hawakumwonea. Alipiga randa huku akipiga soga, kicheko chake kikavuka ukuta hadi kwa jirani yake mchomea vyuma. Mteja alikuja kuulizia kitanda, akaondoka anafuta machozi ya kucheka, kitanda kakisahau. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na kila asubuhi mkewe aliingia na kikapu kuzoa maranda ya jana, akawashie jiko.

Kisha Kasuku akanyamaza. Si kwa siku moja, la. Aliisha kidogo kidogo, kama sabuni. Ulianza kwenda utani, ikafuata hamu ya kula, ukafuata usingizi. Akalalamika mgongo. Akawa mkali: mtoto akidondosha kijiko anafokewa kama kavunja kabati, halafu baba mtu anatoka nje, anasimama akitazama ukuta, na hata ukimwita hasikii. Majirani, watu wenye dawa ya kila kitu isipokuwa yao wenyewe, wakasema ni uchovu, ni umri, ni mke hajui kupika. Mke naye, maskini, akabadilisha mapishi.

Kilichowatuliza wote ni sauti. Kutwa nzima randa ilisikika ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Mtu anayechapa kazi hivyo ana tatizo gani? Mchomea vyuma alimsifu mbele za watu. Mkewe huko jikoni aliisikiliza sauti ile, moyo ukapoa. Kumbe mama wa watu alikuwa anabembelezwa.

Kikapu ndicho kilichomshtua. Asubuhi moja alikuta sakafu tupu, akadhani mume kafagia. Kesho yake tupu tena. Akawa anawasha jiko kwa makaratasi huku akijiuliza, na randa inaendelea kusikika vilevile. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akasukuma mlango bila kubisha.

Kasuku alikuwa ameinamia ubao, anasukuma randa, anairudisha. Ubao ulikuwa wa mlango ulioagizwa zamani, umesuguliwa mpaka unang'aa. Chini hakuna hata kijiranda kimoja. Kisu cha randa kilikuwa juu ya rafu, kimechomolewa, kinaota kutu. Mkewe akakitazama. Mumewe yupo mbele yake, na hayupo.

"Unaranda nini, baba watoto?"

"Nawarandia nyinyi," alijibu bila kugeuka. "Mkisikia, hamuulizi."

Siku hiyohiyo mke akampigia simu shemeji yake, kaka mkubwa wa Kasuku. Shemeji akaja na sauti yake nene, akampiga mdogo wake begani, akamwambia aache kudeka, ajikaze. Mwanaume, akasema, hufa kiume na tai shingoni. Msemo huo watu huusema wakicheka. Kasuku hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa na sasa amepewa.

Mkewe akaona. Akamshukuru shemeji kwa heshima zote, akamsindikiza nje, na ukweli ni kwamba alitamani kumtwanga na ubao. Akarudi akaketi karibu na mumewe. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba jambo kama lile ukilitaja umeliita. Upuuzi mtupu. Lilikuwa limeshaingia ndani na kukaa, nani aliita?

"Baba watoto, unawaza kufa?"

"Kila siku," Kasuku akasema, na mabega yakaanza kumtetemeka.

Mkewe hakumwambia ajikaze. Hakumkumbusha watoto wala ada wala watu watasema nini. Alimshika mkono mpaka alipomaliza kulia, akamwambia wanakwenda hospitali, wote wawili, sasa hivi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huko daktari aliwaeleza wazi kwamba huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, una tiba, na haujali kifua cha mtu kina upana gani. Akampa dawa na siku za kwenda kuzungumza na mshauri.

Mchomea vyuma aliposimuliwa aliona haya kwa zile sifa zake. Tangu hapo kila alasiri anazima mashine, anakuja kukaa karakanani. Hana la kusema, anakaa tu. Shemeji alichelewa kuelewa. Vichwa vingine vina fundo, haviliki na randa upesi. Lakini sasa hupiga simu, na akipiga husikiliza.

Msidhani basi kwamba kicheko kilirudi na mambo yakaisha. Nyumba ile bado ina hofu. Randa ikianza, mkewe huacha kukata kitunguu, akatega sikio: inakula mbao au inateleza? Zipo siku anakuta maranda marefu yaliyojikunja, akajaza kikapu na kushukuru. Zipo siku kimya, na kimya kile kinamwogopesha mpaka anasahau chungu motoni.

Asubuhi moja ya kimya alifika mlangoni na kikapu chake. Kasuku ameketi, mikono magotini. Zamani angesikia nyayo zake akarukia randa. Safari hii hakuigusa.

"Mama watoto," akasema, "leo hakuna."

Mkewe akaweka kikapu chini, akasogea, akaketi naye.