Tungule Zilizongoja Masika

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, nimechutama ukingoni mwa kitalu shambani kwa shangazi yangu, Al Khoudh, natazama miche yangu ya tungule, nyanya kwa watu wa bara, imelala chini yote, na sifahamu nimekosea wapi. Maji nilitia. Samadi ya mbuzi nilitia. Na nilipanda kwa wakati wake, masika yanaingia, kama nilivyofunzwa na mamangu tangu mdogo Unguja.

Tulikuwa tumefika Oman mwaka mmoja baada ya mapinduzi, mimi na mama, tukapokewa na shangazi Zuwena, dada wa marehemu babangu. Al Khoudh ya siku hizo haikuwa na chuo kikuu. Ilikuwa mitende, mbuzi na maji ya falaji, ya kunyweshea mashamba, yakipita mferejini. Mama alikuja mgonjwa, chakula hakimpandi. Alisema atakula siku atakayopata mchuzi wa tungule za kwao, na mbegu alizileta mwenyewe, kafunga kwenye pindo la kanga. Akanikabidhi mimi.

Baridi ikaingia. Nikawaona watu wanalima, wanafungulia maji, wanapanda. Nikawacheka moyoni: watu gani hawa, mvua hakuna wao wanapanda? Mimi nikakaa zangu barazani na sindano, nashona kofia. Na sikufichi, nilistarehe. Mama kando yangu anasuka ukili, tunakumbushana habari za mtaani kwetu, na kofia tatu nilizimaliza baridi ile. Subira yavuta heri, nilijiambia.

Siku moja shangazi alipita na jembe lake akaniuliza, "Wewe hupandi?"

"Nnangoja masika, shangazi."

Akanitazama kidogo, akenda zake. Alidhani namfanyia mzaha.

Basi miche ilipokufa ndipo aliponiambia. "Masika yepi, binti yangu? Huku saa hizi watu washavuna, jua la kuunguza ndo linaingia. Mimi nilijua shamba hulitaki, unapenda kofia zako tu."

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia jua, nikajikasirikia mwenyewe. Kwa nini hakuniambia? Na mimi kwa nini sikuuliza, na watu walikuwa wakipanda mbele ya macho yangu? Mpaka leo najiuliza.

Mama nilimwambia mchana ule. Hakunigombeza. "Si neno," alisema. "Tutapanda baridi ijayo. Mbegu zimebaki ngapi?"

"Hata moja, mama. Nimezipanda zote."

Akaendelea na ukili wake. Shangazi akaleta tungule za mwisho za shambani kwake, kubwa, nyekundu. Nikapika mchuzi kwa nazi ya kutafuta kwa shida sokoni Matrah. Mama akala vijiko viwili, akasema, "Mzuri," kama mgeni anavyomwambia mwenye nyumba. Alifariki kabla baridi haijarudi.

Mwanangu, sikukatazi kustarehe na kazi ya mikono yako unapongoja jambo. Shona, suka, paka hina. Kungoja na mikono mitupu ni adhabu. Lakini kwanza jua kama hicho unachokingoja kitakuja. Ukiwa nchi ya watu, usihesabu miezi kwa mvua za kwenu. Kuuliza si ujinga, mimi nilijiona najua na ndiko kulikoniponza. Na wewe ukiwa mwenyeji, ukamwona mgeni katulia tuli, usinyamaze kwa kudhani; mwambie, hata akichukia. Na ukikabidhiwa mbegu na mzee, weka akiba.

Mwenyezi Mungu akubarikie mikono yako, akupe wenyeji wasioficha neno, na akujaalie kumlisha mzazi wako anachokitamani angali hai. Amin.