Jina la Naima kwenye Seva

Naima wa Gongo la Mboto hakujua kumnyima mtu kitu, na ubaya ni kwamba ofisi nzima ililijua hilo. Alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao Mikocheni, na mshahara wake ndio uliomlisha mama yake aliyepooza.

Kompyuta zao za Windows zilikuwa zimeunganishwa, kila mtu akiingia kwenye ya mwenzake kama anaingia jikoni kwao. Virusi vilipozidi, bosi Hilal akamleta fundi Suhaib, akaongeza seva ya Linux ya kutunzia mafaili ya wateja. Asubuhi kompyuta hazikuiona kabisa. Jamaa akahangaika nazo mpaka alasiri, zikaiona. Ila seva ile ilikuwa na masharti yake: kila mtu aingie kwa jina lake na paswedi yake.

Wiki haikuisha, mwenzake Albano kasahau yake, Jokha wa meza ya pili naye kasahau. Kumpigia fundi wakaona kazi.

"Naima, nitajie yako, nina mteja hapa," Jokha alisema.

Akamtajia. Angeanzaje kumnyima mtu anayekula naye sahani moja? Mwisho wa mwezi wote walikuwa wakiingia kwa jina la Naima.

Kisha folda ya mteja mkubwa ikatoweka. Suhaib aliichungulia seva mbele ya watu wote.

"Inasema kafuta Naima," alisema. "Ila inajua jina tu, bosi. Aliyekaa kwenye kiti haimjui."

"Kuna mwingine anatumia jina lako?" Hilal akamuuliza Naima.

Naima aliwasubiri waseme wenyewe. Albano aliinamia viatu vyake. Jokha, mtu mzima na akili zake, akajitia anatafuta kalamu. Kuwataja Naima aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyommaliza.

"Kapumzike nyumbani kwanza," Hilal alisema. "Nitakuita."

Siku kadhaa akaishi na neno hilo. Asubuhi moja, akimnywesha mama uji, simu ikaita. Jokha. Moyo ukamruka: wamesema ukweli, anaitwa.

"Shosti, umebadilisha paswedi? Leo inatukatalia wote."

"Sijabadilisha."

"Inasema jina lako halipo."

Naima akaelewa. Hakuna aliyemwambia kafukuzwa, seva ndiyo iliyomwambia, kwa kinywa cha Jokha. Alitaka kumtukana.

"Jaribu tena," akasema, akaanza kumtajia herufi moja moja, machozi yakimdondokea kwenye bakuli la mama.