Tembo la Mnazi Ndani ya Tangi la Samaki

Aibu niliyoipata pale Ngamiani wengi mmeshaisikia kwa Athumani Kibwana, na kwa kuwa Athumani akiisimulia hujichomoa mwenyewe akanibakiza mimi peke yangu ndani, leo naiandika kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la tatu, na majina nayataja. Aliyenishauri ni Athumani. Aliyekubali kama zuzu ni mimi. Samaki hawana kosa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge ungali mkonge, nami nilikuwa boi wa Mgiriki mmoja, meneja wa shamba upande wa Pongwe. Bwana yule alikuwa na maradhi yake: tangi la kioo lenye maji matamu, samaki wadogo, na majani ya majini aliyoyang'oa mwenyewe kwenye vijito vya Amani. Juu alining'iniza taa ya umeme, na pembeni aliweka chupa ya sukari na hamira yenye mrija uliozama majini, ukitoa kipovu kimoja, kisha kimoja. Akanieleza kwamba majani nayo yanakula, na chakula chake ni mwanga na ile hewa inayopanda kwenye soda ukifungua kizibo. Nilimcheka kimoyomoyo, mpaka siku nilipoona jani lenyewe limejaa vipovu kama limevishwa shanga. Aliporudi kwao, wenzangu waliachiwa makoti na viatu, mie nikaachiwa tangi.

Nikalipeleka chumbani kwangu Ngamiani, kwenye nyumba ya wapangaji, umeme hakuna, dirisha moja. Majani yakageuka manjano, lakini yaliishi, na samaki wangu sita waliishi, na nikiingia tu walikuwa wanakuja kwenye kioo kunipokea (chekeni, lakini mtu mwenye chumba kimoja na kitanda kimoja hupokewa na nani?).

Basi nikamposa Mwanaisha. Baba yake alikwisha kufariki, mlezi wake ni baba yake mdogo, Maalim Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu ambaye akiona mgema na kibuyu chake huvuka barabara. Na mnajua kwetu, posa haijibiwi mpaka wenye binti waje waone nyumba atakayokaa mtoto wao. Maalim akaleta salamu kwamba atakuja Alhamisi baada ya alasiri, yeye na mama yake mzazi, Bi Mwanjaa, "na hao samaki wa kioo tunaowasikia, tutawaona."

Nikayatazama yale majani ya manjano, nikaona haya. Hapo ndipo nilipopotea, kwani kama ningeyaacha yalivyo nisingekuwa na la kuandika.

Alhamisi asubuhi nikamwendea Athumani, rafiki yangu, mkwezi wa minazi na (kwa siri ambayo mji mzima unaijua) mgema. Nikamwambia nataka sukari na hamira ya kuyapa majani hewa.

"Hamira mpaka ichachuke ni kesho, na wageni wako wanakuja leo," akasema. "Chukua tembo, yakhe. Lenyewe limeshachacha, lina hewa hilo mpaka linarusha kizibo."

"Tembo? Chumbani mwangu, na Maalim anakuja?"

"Kwani utamkaribisha gilasi? Funika chupa kwa kitambaa, mwambie dawa ya majani."

Nikakubali. Chupa nikaiziba kwa gunzi la muhindi, nikalitoboa kwa spoku, nikapitisha mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli mpaka majini. Kwa mwanga nikaazima karabai, nikaiweka kando ya chupa, juu ya ubao uliolala juu ya tangi, nikaipiga pampu mpaka ikalia vuuu, nikafunga dirisha ili giza liipe sifa. Na wallahi ilipendeza! Majani yalimeremeta, vipovu vikapanda, nikajiona meneja.

"Hodi!"

"Karibu Maalim, shikamoo. Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Maalim hakukaa. Alipiga magoti mbele ya tangi kwa kanzu yake nyeupe ya kupigwa pasi, akatazama, akasema, "Subhanallah! Mama, njoo uone, majani yanapumua!" Nami nikahesabu moyoni kwamba mke nimepata. "Na kwenye chupa hii mna nini?"

"Dawa ya majani, Maalim." (Si uongo. Nimeshabishana na watu miaka mingi kuhusu jambo hilo.)

Sasa, nililolisahau ni kwamba karabai ina moto, na tembo likipata moto halina adabu. Povu likaanza kupanda ndani ya chupa, likaingia mrijani, na maji yangu yakawa meupe kama tui. Samaki wakaja juu, midomo wazi. Bi Mwanjaa akainua pua.

"Bakari, mbona chumba kinanukia kama ngomani?"

Kabla Maalim hajajibu, gunzi likaruka, pu! Povu likamwagikia kioo kilichochomwa na taa, kioo kikalia ka!, na tangi zima likamshukia Maalim Bakari kifuani mpaka magotini.

Mtu mwenye akili angemkimbilia mkwe. Mie niliwakimbilia samaki. Niliwaokota mkekani wanarukaruka, na maji safi chumbani yalikuwa ya mahali pamoja tu, birika nililomjazia Maalim la kutawadhia. Nikawatumbukiza humo wote sita, nikafunika.

"Maji gani haya?" Maalim akauliza, ananusa mkono wa kanzu.

"Tembo," mama yake akamjibu. "Tena la leo asubuhi."

"Mama! Umejuaje?"

"Nilikuwa na pua kabla sijakuzaa wewe."

Maalim hakungoja. Alilinyakua birika, akatoka nalo mbio hadi uani kujitoharisha, nami nyuma yake, "Maalim, ngoja, Maalim!" Uani walikuwepo wapangaji wote, wanawake na vyungu vyao jikoni. Akamimina kiganjani, akatia kinywani kusukutua, akasimama. Mashavu yake yakacheza. Kisha akamtema samaki chini, mbele ya watu.

Nami (hapa ndipo hata leo nafunika uso) nikainama, nikamwokota yule samaki, nikampulizia mchanga, nikamrudisha ndani ya birika.

"Posa yako nimeirudisha," Maalim akasema. "Mwanangu simtoi kwa mlevi."

"Wallahi sijanywa, Maalim! Nimewanywesha samaki!"

Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Maalim akatoka na kanzu yake imemganda mwilini, na kila aliyempa mkono njiani alivuta pumzi mara mbili.

Athumani aliposikia alikimbilia Pangani, akakaa huko mpaka maneno yakapoa, mie ndiye niliyebaki kuitwa Mnywesha Samaki. Wanne walipona, nikawapeleka Mto Zigi nikawaaga.

Aliyenitetea ni Bi Mwanjaa. Alimwambia mwanawe, "Mwanamume huyu heshima yake ilikuwa inamwagika, yeye akakimbilia viumbe vyake. Nimekaa na baba yako miaka yote ile, sikukimbiliwa hata mara moja." Maalim akalainika nusu. Sharti lake lilikuwa hili: kila Ijumaa, baada ya sala, nisimame mlangoni mwa msikiti, nimpulizie pumzi anuse, watu wanapita. Kutoka mfungo mosi mpaka mfungo sita, miezi sita mizima, nimenuswa mie, kama papa sokoni, ndipo akanipa mke.

Naapa, kitu hai kikishanizoea na umanjano wake, sitakipamba tena ili mgeni anisifu. Siku ya tatu ya fungate nilimwuliza Mwanaisha kama hakuona haya kuolewa na mtu wa kisa kama kile.

"Shoga zangu wote wameolewa," akasema, "na aibu za waume zao wanaziokota moja moja, hawajui zimebaki ngapi. Yako nililetewa yote siku moja."