Redio Iliyoshika Dunia Nzima Isipokuwa Korogwe

Juzi nilipanda mlimani kijijini kwetu Mhezi kubomoa jiko la bibi, maana ukuta wake wa udongo ulikuwa umeshalala. Wifi yangu akachomoa darini kitu bapa kama sahani, cheusi kwa masizi, waya wake umekatwa. "Wifi, hiki kitafaa kufunikia maziwa," akasema. Nikamwambia akitupe chooni. Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania, rafiki yangu. Ile ilikuwa antena ya redio ya setilaiti.

Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya mitambo usiniulize. Nakwambia nililoliona.

Kwetu kule juu jioni huwa na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Tulikuwa tunarudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, miguu imelowa, tunapokewa na harufu ya makande yaliyokuwa jikoni tangu asubuhi. Bibi alikuwa na redio ya zamani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isiachane. Kazi yangu mimi ilikuwa kuanika betri juu ya bati mchana ili zipate nguvu, na zikigoma nazing'ata. Ukifika wakati wa matangazo ya vifo, majirani walikuwa wamekwishajaa barazani kwa bibi. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijapanda mlima. Redio ya taifa ndiyo iliyotuambia nani katutoka. Msomaji anamtaja marehemu, halafu ndugu mmoja mmoja na kijiji chake, na ukishatajwa, watu wanakungoja ndipo wazike. Ule muziki wa huzuni ukianza, hata mtoto wa mgongoni alinyamazishwa. Matangazo yakiisha bila jina la kwetu, bibi anashusha pumzi, anachukua upawa, anatupakulia.

Bibi alikuwa na sababu ya kuogopa. Mjomba, kitindamimba wake, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, na kifua kilikuwa kinammaliza.

Ndipo akaja wakala kutoka Same mjini, mnene, kavaa koti la suti kwenye vumbi. Aliyemleta ni mwenyekiti wetu wa kijiji, na huyu simsamehe. Alipiga lile baragumu la msaragambo, linalotuita kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza barabara kwa pamoja. Tukafika shuleni na majembe yetu. Kumbe tumeitwa kuuziwa redio.

"Hii inashika dunia nzima, mama zangu," wakala akasema. "London, Paris, Makka, ukitaka."

Bibi akanyoosha mkono. "Na matangazo je, inashika?"

"Bibi, nakupa dunia nzima, wewe unaniulizia matangazo?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akacheka kuliko wote. Hapo ndipo tulipopotelea. Sisi watu wa mlimani tulijua redio inayoshika mbali lazima ishike na karibu. Ile yetu ya zamani ikisikika Mhezi, ilisikika na Makanya bondeni. Sasa chombo kinachofika London kitaikosaje Korogwe, ambayo ukishashuka barabarani basi linakufikisha siku hiyo hiyo? Wakala akaondoka na mbuzi wa bibi, na redio ya zamani akaichukua kama nyongeza.

Antena ilitaka kukaa nje, itazame mbingu upande wa magharibi. Ng'ombe akipita mbele yake, kimya. Mtu akianika kanga, kimya. Mwanzoni tulipata Kiswahili, watu wa ng'ambo wanasema habari za vita vyao na mpira wao. Asubuhi moja namba ile ile ikaamka inaongea Kifaransa. Mwenyekiti akasema, "Wanabadilisha chaneli, vumilieni." Tukavumilia kama wajinga. Majirani wakaacha kuja, na redio zao wenyewe zilikuwa zimekufa zamani, kwa kuitegemea ya bibi.

Alasiri moja jirani yetu, muuza ndizi, akarudi kutoka gulio la Makanya. Hakwenda hata kwake. Akatua tenga uani.

"Shikamoo mama. Poleni."

"Marahaba. Pole ya nini?"

Jirani akanitazama mimi, akamtazama bibi. "Mama, hamjasikia? Tangazo la mwanao limesomwa juzi, likarudiwa jana. Makanya yote wamelisikia. Wamekutaja, mama mzazi, wa Mhezi."

Redio ilikuwa inaimba ukutani. Bibi hakulia. Aliikung'uta kanga yake, akajifunga, akaniambia nivae viatu.

Korogwe tulikuta udongo mbichi. Mjane wa mjomba akampigia bibi magoti. "Tulikungoja, mama, mpaka wazee wakakataa kungoja tena. Tukasema labda umesusa."

Umesusa. Mama amsuse mwanawe.

Tukirudi, bibi alishukia Same, akamkuta wakala dukani anakula karanga. Bibi alipomweleza, hata hakusimama.

"Bibi, redio si nzima? Chaneli za hapa nyumbani haziko kwenye ile setilaiti."

"Nilikuuliza kama inashika."

"Na inashika."

Akaendelea kumenya karanga zake. Baadaye kampuni yenyewe ya zile redio ikafunga mlango, redio zote zikawa bubu, na hakuna aliyepanda mlima kutupa pole. Wakala leo anauza ving'amuzi. Mwenyekiti ni mzee wa heshima, harusini anakalishwa mbele. Ananiitikia marahaba kana kwamba hakuna kitu.

Wenzangu wananiambia yamepita, siku hizi kuna kundi la ukoo kwenye simu, mtu akifa unajua hapo hapo. Kweli. Unajua ukiwa peke yako, kidole kinashuka, unaweka alama ya chozi, unaendelea na picha za keki. Zamani tulikuwa tunaogopa pamoja.

Bibi alipofariki, nilipeleka tangazo redio ya taifa. Nikaandikisha kila ndugu na kijiji chake, hadi mkwe wa Korogwe. Saa ilipokaribia nikapita nyumba kwa nyumba kutafuta redio. Nilikuta televisheni, nikakuta spika zinazotikisa mabati. Redio ya kushika taifa sikuiona. Mpaka leo sijui kama walimsoma.