Kichwa cha Zambarau Migombani

Maganda ya kahawa yakichacha hunuka hadi kwenye chai, na Julai ile ukungu uliishikilia harufu hiyo juu ya Kibosho kama blanketi bichi. Dada yangu Manka, kidato cha tatu, alikuwa amezama katika katuni za Kijapani. Mwalimu wake wa hisabati, Mjapani wa kujitolea, alimwonyesha kanda za video na kumfundisha maneno ya kwao: otaku ni mtu anayependa kitu kimoja hadi akasahau kula, kosupure ni kuvaa kama yule wa kwenye katuni, moe ni moto wa moyoni kwa mtu aliyechorwa tu. Manka aliyarudia akichambua maharage, nasi tukala mawe wiki nzima. Baba akaapa kwamba upuuzi huo ukiendelea, shule basi, aende kwa shangazi Rombo akachunge mbuzi. Nililala naye kitanda kimoja. Usiku nilishika gauni lake wasije wakamchukua.

Alasiri moja nilitumwa migombani kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ungeweza kuukata kwa panga. Mara likasimama mbele yangu jitu lenye kichwa cha zambarau, joho jekundu, upanga wa gomba. Nilipiga ukelele uliofika kileleni mwa mlima ukarudi na baridi yake. Bibi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, akatoka na jani la isale, mmea wa uani, mkononi. Kwetu, anayekushikisha jani hilo anaomba msamaha, na kulikataa ni mwiko. Akalinyooshea jini jani. Jini likapiga magoti, likapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

Ni Manka! Kichwani GV yetu yote ya kutibu vidonda, mabegani pazia la sebuleni. Baba naye alikuwa amefika na fimbo. Akasema kesho ni Rombo. Manka akamnyooshea jani lilelile. Baba alilitazama kana kwamba ni nyoka.

"Pokea, mwanangu," bibi akasema. "Mtoto akililia wembe, mpe."

Baba akapokea. Jumatatu Manka alikuwa darasani, amenyolewa, zambarau ikiwa imebaki kwenye ngozi.

Leo naishi Shirimatunda, mjini, nimehitimu masomo ya jioni, na najiona sitishiki. Juzi binti yangu, anayejiita otaku bila hata kuumauma maneno, alitoka chumbani na nywele za bluu. Hofu ileile ikanipanda. Nikanguruma kwa sauti ya baba. Akasimama mbele yangu, mikono mitupu. Nikachungulia uani: saruji hadi ukutani, hakuna hata isale moja la kunishikisha. Nikamwambia avae viatu, twende Kibosho tukachimbe mche.