Njia ya Kwenda kwa Samaki Wekundu

Bustani ile ya Kisii mjini ilikuwa ya mzungu aliyetawala wilaya. Baada ya Uhuru lango lilifunguliwa kwa kila mtu, na Mama, aliyekuwa akiichungulia kupitia ua tangu aolewe, akaniambia Jumapili moja baada ya misa tuingie, akaone hao samaki wekundu waliosifiwa sokoni.

Mimi nilikuwa msichana wa maswali. Nyasi zote hizi na hakuna ng'ombe? Nani aliikata miti hii ikawa mviringo, na ya nini? Mama alicheka. "Mzungu alikuwa na wakati," akasema.

Njia ya changarawe ilikuwa nyembamba, waridi huku, nyasi kule, na kukanyaga kote kuwili kumekatazwa. Mlinzi, mtu wa upande wa ziwani, alikuwa ametoka tu kumfukuza mwanamke mmoja mbele ya watu, na Mama aliapa kwamba yeye hataaibishwa hivyo.

Tulipopinda kona, huyo hapo Babu, baba yake baba yangu, anatoka kuwatazama samaki. Kwetu mke hamkaribii baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mke huingia vichakani ampishe. Ndiyo heshima tunayoiita chinsoni. Lakini vichaka vya hapa vilikuwa na mwenyewe, na nyuma yetu waumini walikuwa wamejaa tele. Mama aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na bado nilikufa kwa hamu ya kujua atafanya nini.

Hakupata nafasi ya kufanya lolote. Babu aliingia katikati ya waridi na koti lake refu, miiba ikalishika, akatugeuzia mgongo.

"Mzee! Toka kwa maua!" mlinzi akapiga kelele.

Babu hakugeuka. "Ngoja kwanza. Mke ya mtoto yangu anapita."

Tukapita. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama siku ile. Mlinzi akaja, akamshika Babu kiwiko, akamwongoza kwenda langoni, watu wakiwapisha na kutazama.

Samaki walikuwa hapo mbele tu, maji niliyasikia. Nikamvuta Mama. Mama naye akanivuta nyuma, tukageuka, tukamfuata Babu mpaka nje, kwa mbali kama ilivyopasa.